Ukienda kukandwa mgongo, tarajia haya

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nimeisomesha darasani kwa miaka 22, na bado nilikaa miezi mitano nikiwaficha watu shingo yangu. Ilianza kama ugumu wa asubuhi, ikashuka begani, ikateremka mgongoni. Ikafika siku nikitaka kuwatazama watoto nyuma yangu, nageuka mwili mzima kama kabati. Kusahihisha madaftari ikawa adhabu. Hata kunyanyua mkono nivae buibui nilikuwa nafikiria mara mbili.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani alinipa mafuta ya mkaratusi. Duka la dawa walinipa tembe zilizonituliza siku tatu, ya nne maumivu yakarudi na deni. Mama yangu alisema ni baridi yabisi, nivae sweta. Sweta, na hili jua la Mombasa! Mwishowe mwalimu mwenzangu akaniambia: "Kuna dada Makupa, ana chumba ghorofani, amesomea fiziotherapia. Nenda akukande." Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wanne, mambo ya masaji siyawezi.

Naandika leo kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyecheka hivyo. Neno hili masaji kwetu limeharibiwa jina. Ukilisikia, akili yakimbilia vibao vya hoteli za ufuoni na milango yenye taa nyekundu. Kwa hivyo mwanamke mwenye heshima zake akiumwa na mgongo, ataumwa nao mpaka kaburini, na mwanamume vilevile, maana naye aogopa kuonekana akitoka mlango huo. Na wale wasioogopa, huenda kwa yeyote mwenye mikono na chupa ya mafuta. Njia zote mbili zina hasara. Ya pili karibu initoe roho ya mama yangu, na nitaifikia.

Kwanza tukumbuke kwamba kukandwa si jambo la kigeni kwetu. Nani kati yetu wa pwani hakuzaliwa na mama aliyekandwa? Mzazi akijifungua, siku arobaini zake zilikuwa na mkandaji wake, maji ya moto, uto wa nazi na mkaja wa kufunga tumbo. Bibi yangu alikuwa mkandaji wa wazazi, na watu walimfuata kutoka Majengo mpaka Mji wa Kale. Mchezaji mpira akiteguka mguu, apelekwa kuchuliwa. Bi harusi husingwa kwa singo na liwa, ingawa hiyo ni ya urembo na harufu nzuri, si ya maumivu. Kiswahili chenyewe kimetenganisha: kusinga, kukanda, kuchua. Lugha yenye maneno matatu ya kitu haikukiazima jana.

Wala si sisi tu. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Al-Qanun fi al-Tibb juu ya kusugua mwili, akatofautisha kusugua kwa nguvu na kusugua kwa ulaini, kila kimoja na kazi yake. Na hiyo aibu ya jina pia si yetu peke yetu. London mwaka 1894 kulizuka kashfa ya nyumba zilizojiita za kukanda kumbe zafanya biashara nyingine. Wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga hawakuiacha kazi yao. Waliunda chama cha wakandaji waliofundishwa, wenye mitihani na kanuni. Chama hicho kikakua, na leo ndicho chama cha wataalamu wa fiziotherapia cha Uingereza. Yaani dawa yao ya jina baya ilikuwa elimu na masharti.

Basi nikaenda. Jumamosi asubuhi, nikashuka kwenye mzunguko wa Makupa, pale malori na matatu za Changamwe na Magongo hupigiana honi tangu alfajiri. Ngazi mbili juu ya maduka, mlango wa kawaida, ndani kuna benchi, kalenda na cheti ukutani. Nilikuwa nimefunika uso nusu, kama mwizi. Kwenye benchi nikamkuta hamali wa mkokoteni mwenye goti, na mzee mmoja niliyekuwa nikimsomesha mjukuu wake. Tukasalimiana. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, nawe ni kiuno?" Nikamwambia ni shingo. Aibu yangu ikaishia hapo hapo.

Sasa nikueleze hatua kwa hatua, ili ukienda usiende gizani.

Jambo la kwanza utakalokutana nalo ni maswali, wala si mafuta. Mimi niliulizwa kwa karibu robo saa. Maumivu yalianza lini? Yaja wakati gani? Umeanguka? Mkono unakufa ganzi? Una presha, sukari, moyo? Umefanyiwa upasuaji? Una mimba, au waweza kuwa nayo? Watumia dawa gani, hasa za kufanya damu iwe nyepesi? Kuna ngozi inayowasha, jeraha, homa? Una mguu uliovimba? Nilianza kuchoka nikadhani anapoteza wakati. Kumbe maswali hayo ndiyo nusu ya tiba. Mkandaji asiyeuliza kitu, akakwambia tu "lala hapo", mshukuru kwa adabu uondoke.

Baada ya maswali alinitazama nikisimama, nikitembea, nikigeuza shingo kushoto na kulia. Akagusa mabega juu ya nguo. Kisha akanieleza alichofikiria: misuli ya shingo na mabega imekaza kwa sababu ya kuinamia madaftari masaa mengi na kubeba mkoba mzito bega moja. Akaniambia atakachofanya, kwa muda gani na kwa bei gani. Nililipa shilingi 1,500, na bei niliijua kabla ya kuvua kiatu.

Pili ni suala la stara, ambalo ndilo huwakimbiza wengi. Hakuna mtu anayevuliwa nguo. Alinielekeza pazia, akatoka, akasema nijifunue sehemu ya mgongo na shingo tu, nilale kifudifudi nijifunike shuka. Alibisha kabla ya kuingia. Wakati wote nilikuwa nimefunikwa, isipokuwa pale anapofanyia kazi. Akihamia bega la pili, la kwanza analirudishia shuka. Kama hutaki kuvua chochote, sema, kuna namna ya kukanda juu ya nguo nyepesi. Una haki ya kuomba mkandaji wa jinsia yako, na ya kuja na mtu wako akae ndani: mume, dada, binti, mama. Mtaalamu wa kweli haudhiki kwa hilo. Na sehemu za siri hazihusiki na shingo wala kiuno. Mkono ukipotea njia, simama, vaa, ondoka, na ripoti. Hakuna "labda nimeelewa vibaya".

Kitanda chenyewe ni chembamba, kimefunikwa shuka safi, na kichwani kina tundu la kuweka uso ili shingo isipinde. Mara ya kwanza lilinichekesha, unatazama sakafu na viatu vya mwenzako. Aliniuliza kama mafuta yoyote huniwasha, kisha akatumia uto wa nazi, ule ule wa bibi yangu. Mwenye ngozi inayodhurika aseme mapema, na mafuta makali ya karafuu au mkaratusi hayafai kupakwa mengi mwili mzima.

Mikono huanza polepole. Kwanza hupitisha viganja kwa urefu, kutoka kiunoni mpaka shingoni, kuupasha mwili na kuutafuta ulipokaza. Kisha hukanda kama unga wa mahamri: kushika msuli, kuunyanyua, kuuachia. Halafu hubonyeza kwa kidole gumba au kiwiko penye ugumu, akakaa hapo sekunde kadhaa, akakungoja. Mwishoni hurudi kwenye kupitisha viganja taratibu.

Je, huuma? Huuma kidogo, maumivu ambayo wenyewe twayaita matamu. Aliniambia nimpe namba kutoka sifuri hadi kumi, na ikipita sita nimwambie apunguze. Hapa ndipo sisi watu wa pwani hukosea. Twadhani dawa isiyouma si dawa, kwa hivyo twakaza meno twanyamaza. Ukikaza meno, na msuli nao hukaza, na kazi yote yapotea. Ukibana pumzi, ni ishara kwamba nguvu imezidi. Sema. Si utovu wa adabu.

Mambo mengine yatakayotokea yasikushtue. Tumbo laweza kunguruma. Waweza kusinzia ukakoroma, mimi nilikoroma. Waweza hata kutokwa na machozi bila kujua kwa nini. Dada yule aliniambia hayo yote ameyaona, na hakuna linalomshangaza. Ukitaka kuzungumza, zungumza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza.

Ukimaliza usiruke kitandani. Kaa kwanza, maana presha yaweza kushuka kidogo ukapata kizunguzungu. Siku hiyo au kesho yake waweza kuhisi uchovu wa misuli kama uliyefua nguo za wiki nzima. Hupita kwa siku moja au mbili. Ukiumwa zaidi ya hapo, au ukaota alama nyeusi, amekuzidishia, mrudie umwambie. Kunywa maji ukiwa na kiu, lakini usiamini anayekwambia kukandwa kumetoa "sumu" mwilini na maji yazisafisha. Ini na figo ndizo zenye kazi hiyo, na huifanya kila siku bila kukandwa.

Tena kukandwa hakurudishi mfupa mahali pake, wala hakuna mshipa "uliopanda juu ya mshipa mwenziwe". Kunachofanya ni kulegeza misuli, kutuliza maumivu na kukupa nafasi ya kujongea vizuri. Nafuu hiyo mara nyingi ni ya muda. Ndiyo maana alinipa kazi ya nyumbani: mazoezi matatu ya shingo, asubuhi na jioni, kubadilisha bega la mkoba, na kuinuka kila nusu saa nikisahihisha. Nilirudi mara tatu katika mwezi mmoja, kisha akanifukuza. "Mwalimu, endelea na mazoezi, pesa nunua samaki."

Hili si la dada wa Makupa tu. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa maradhi ya ndani cha Marekani, kilishauri kwamba maumivu mapya ya kiuno yaanze kutibiwa kwa njia zisizo za tembe, zikiwemo joto na kukandwa, kwa kuwa mengi hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno kwa jumla yaliwakuta watu milioni 619 duniani katika mwaka 2020. Mwongozo huo umetaja elimu, mazoezi na kukandwa miongoni mwa yanayoweza kusaidia, na umeshauri tusitegemee mikanda ya kufunga kiuno. Tazama mpangilio: kukandwa kumo, lakini pamoja na mazoezi.

Sasa nifike kwa mama yangu.

Shingo yangu ilipopoa nikawa mhubiri. Nyumbani kila aliyelalamika nilimkanda. Wakati huo mama, mwenye miaka 71, alikuwa amerudi kutoka Nairobi kwa basi, kakaa kitini mchana kutwa. Siku ya tatu akasema mguu wa kushoto wamuuma nyuma ya goti kuteremka. Ulikuwa umevimba, na ulikuwa na joto. Nikasema ni uchovu wa safari. Usiku ule nilipasha uto wa nazi, nikamlaza kwenye mkeka, nikamchua ule mguu kwa mikono yangu miwili, kutoka kifundoni kwenda juu, kwa nguvu, kama nilivyodhani nimefundishwa. Mama akasema Mungu aniweke.

Asubuhi mguu ulikuwa mkubwa zaidi. Nikampakia kwenye tuktuk mpaka Makupa, tukapanda zile ngazi polepole. Nilitaka akandwe na anayejua. Dada yule hakugusa chupa ya mafuta. Alimuuliza mama maswali yale yale, akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima unene wa miguu yote miwili mahali pamoja. Wa kushoto ulikuwa umezidi wa kulia kwa sentimita nne. Akauweka utepe mezani.

"Mama, huu mguu mimi siugusi," akasema. "Na asiuguse mtu yeyote leo. Nawaandikia barua, nendeni hospitali sasa hivi."

Mama alikasirika. Kapandishwa ngazi mbili, kanyimwa kukandwa. Njiani alinung'unika kwamba wasomi wa siku hizi ni waoga. Hospitalini walimpiga picha ya mishipa, ile ya mashine ya kuwapimia waja wazito, wakaona damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Daktari akatueleza kwamba bonge la damu kama hilo likimeguka husafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu aweza kufa kwa dakika chache. Akauliza kama mguu umechuliwa. Mama akanitazama, akasema, "Ulipakwa mafuta tu." Alinisitiri. Mimi nikamwambia daktari ukweli, maana ilikuwa lazima ajue.

Mama alitumia dawa za kuzuia damu isigande kwa miezi mitatu. Leo yuko mzima, alhamdulillahi, na bado anataka nivae sweta. Lakini kuna usiku mwingine naamka nikiikumbuka ile mikono yangu.

Kwa hivyo yashike haya. Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto, ukauma au ukabadilika rangi, usiuchue, nenda hospitali. Akianza kukosa pumzi au kuumwa kifua ghafla, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Usikandwe ukiwa na homa, jeraha bichi, jipu, ngozi yenye maambukizi, mahali palipovunjika au palipofanyiwa upasuaji karibuni. Mwenye kutumia dawa za kufanya damu nyepesi, mwenye mifupa dhaifu, mwenye saratani, mwenye sukari iliyokwisha kumfisha ganzi miguuni, azungumze na daktari wake kwanza. Mja mzito akandwe na aliyefundishwa kukanda waja wazito, na tumbo lisibonyezwe.

Maumivu ya mgongo nayo yana ishara zake za hatari. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu unayokalia, miguu ikilegea, maumivu yakija baada ya kuanguka, au yakifuatana na homa, kukonda na jasho la usiku, kitanda cha kukandia si mahali pako. Kifua kikuu, ambacho wengi twakijua kwa kikohozi, huweza kukaa hata kwenye uti wa mgongo, na hakiondoki kwa mafuta.

Utamjuaje anayejua? Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kuwasajili, Physiotherapy Council of Kenya. Mtu akijiita mtaalamu wa fiziotherapia, muombe leseni yake ya mwaka huu, atakuonyesha. Mkandaji wa kawaida si lazima awe na cheo hicho, lakini awe amefundishwa na mtu anayetajika, anawe mikono, abadilishe shuka, aulize maswali, na ajue kusema "hili siliwezi". Ukinilazimisha nichague sifa moja, nachagua hiyo ya mwisho.

Wala siwavunjii heshima wazee wetu wa kuchua. Bibi yangu hakuwa na cheti. Lakini nilipomsimulia mama haya yote, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Bibi, alisema, alikuwa akiitwa kwa mzazi, kwanza humgusa paji la uso. Akimkuta na homa, hufunga furushi lake la leso na chupa ya uto, akawaambia wenyeji watafute gari la hospitali, na malipo hapokei.

Ujuzi huo tulikuwa nao nyumbani. Tuliubakiza uto, tukasahau kugusa paji la uso.